Wenye gari za 4x4 zisizo na pua, huu mgongo utazoea ama ninajinunulia mateso?

mwana_rongai
Habari za jioni wakubwa kwa wadogo. Niko hapa Nakuru upande wa Rongai. Kuna mzee jirani yetu ako na Land Rover 101 Forward Control imelala kwa banda ya ng'ombe tangu nikiwa darasa la nne, ile haina bonet kabisa, mbele imekatwa kama mkate na dereva anakalia tairi. Sasa mzee ameamua kuiuza na akaniita mimi kwanza juu huwa namsaidia kutoa maziwa. Bei tumeongea inaingia. Ile V8 yake ya petroli ilitolewa kitambo, saa hii iko na dizeli ya lori ndogo na inawaka bila matata.

Shida ni hii. Jumapili nilipewa niijaribu, Rongai mpaka Salgaa halafu turudi na murram. Wakubwa, nimeendesha pikapu ya kabeji, nimeendesha trakta, nimepanda punda, lakini sijawahi kupigwa hivi. Bampu ya kwanza nilitoka kwa kiti, ya pili kichwa ikagonga chuma ya turubai, ya tatu nikashikilia usukani kama mtu anazama. Mama watoto alikuwa amebeba flaski ya chai, tulifika amevaa hiyo chai. Hakuniongelesha mpaka Jumatatu jioni, na hata hiyo jioni aliuliza tu kama nimefungia kuku.

Nataka nibebe nayo maziwa na viazi wakati wa mvua, na likizo nipeleke familia Baringo tulale kwa hema. Swali langu, hii gari ndio huwa hivyo ama springi zimeisha? Mwenye amekaa na moja ya hizi aseme ukweli, hata kama inauma.

cruiser_ama_nyumbani
Nunua Land Cruiser ya sabini, ile 70 Series, tumalize uzi hapa.

mwana_rongai
Bei ya Land Cruiser ya sabini nanunua hii 101, ng'ombe watatu na bado nabaki na ya harusi ya ndugu yangu. Endelea.

fundi_kibuye
Mwana Rongai salamu kutoka Kisumu. Kabla ulaumu springi wacha nikueleze kitu moja, juu watu wengi huja hapa kwangu na gari za aina hii wakitaka niwalainishie springi, na springi ikishalainika bado wanalia.

Chukua gari ya kawaida yenye pua. Wewe unakaa katikati, kati ya tairi za mbele na za nyuma. Tairi ya mbele ikipanda tuta la sentimita 10 pole pole, wewe hapo katikati unainuka kama 5 hivi. Sasa kwa 101, kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni inchi 101, ndio jina lilitoka hapo, kama sentimita 256. Ukikaa juu ya ekseli yenyewe unainuka 10 zote. Ukikaa sentimita 30 mbele ya ekseli unainuka 11 na kitu, umezidi hata tairi yenyewe! Halafu tairi ya nyuma ikipanda ndio wewe wa mbele unainama kama mtu anasujudu. Hiyo ndio ilikugongesha kichwa. Hakuna springi inaweza kubadilisha mahali umekaa omera.

Na ujue hii gari haikuchorwa kwa ajili yako na mama watoto. Jeshi la Uingereza lilitaka kitu cha kuvuta mzinga wa milimita 105, ibebe risasi na askari, na iwe fupi ili helikopta iweze kuibeba ikining'inia. Ndio maana wakatoa pua, mzigo ukapewa ile nafasi yote nzuri ya katikati, dereva akasukumwa mbele kwa ukingo. Kwa hiyo gari, mahali pazuri pa kukaa ni pale viazi vinakaa. Sikutanii.

Sasa hayo yote nimesema, pia inawezekana springi zako ni mbaya. Piga picha za pembeni, za karibu. Na uniambie upepo wa tairi.

kapsabet_juu
Fundi ameongea. Chamgei wote. Mimi niliwahi kufanya kazi kambi ya wapima ardhi Turkana na tulikuwa na Pinzgauer, ile ya Austria. Pia haina pua, pia unakaa juu ya tairi, lakini ile ni kitu ingine kabisa juu kila tairi inacheza peke yake na iko na springi za koili, na chasisi ni bomba moja nene inapita katikati. Ukipanda jiwe upande mmoja upande ule mwingine haujui. Bado unainuka venye fundi anasema, ile hesabu haikwepeki, lakini inakuinua kwa adabu badala ya kukupiga teke. Difu za mbele na nyuma, zile gia za kugawia tairi nguvu, unafunga ukiendelea kutembea, huna haja ya kusimama.

Lakini msifikirie ni kitanda. Injini ya petroli ya lita 2.5 inapozwa na hewa, hakuna maji, na imekaa hapo kati yako na abiria chini ya kifuniko, kelele yake ukitoka Lodwar asubuhi jioni bado unaongea kwa kupaza sauti hata kama uko mezani unaomba chumvi. Na kwa lami ukiingia kona kwa kiburi tairi za nje ya kona zinajikunja chini yake, unaskia gari inasimama kwa vidole. Dereva wetu alijua, sisi vijana tulijua baadaye.

mwana_rongai
Ati injini chini ya kifuniko kati ya viti! Hii pia iko hivyo. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeiva kufika Salgaa.

Picha nimeweka. Upepo nimepima leo kwa geji ya jirani, mbele 65, nyuma 65. Alijaza kijana wa petroli steshoni mwaka gani sijui, mzee anasema "lori ni lori".

fundi_kibuye
65!! Na gari tupu! Wewe ulikuwa unaendesha mawe manne.

Nimeona picha. Mambo matatu. Kwanza hizo springi za mbele nahesabu majani nane na ya juu mawili yameshikana na kutu mpaka yamekuwa kitu kimoja. Springi ya majani mengi inafanya kazi kwa kusugua, jani linateleza juu ya jani. Kutu ikiingia hayatelezi tena, sasa uko na ubao. Pili, angalia ile jani ya tatu kutoka chini, rangi ni tofauti na mwisho wake umekatwa na gesi. Kuna mtu aliongeza. Labda gari ilikuwa inabeba mawe ya kujenga, labda alidhani inainama. Tatu, shokabsoba ya kushoto mbele iko na mafuta mpaka chini kwa bushi. Hiyo imekufa, kaburi ndio haijachimbwa.

Fanya hivi, bei yake ni kidogo. Shusha upepo mbele uweke 35 kwa murram ukiwa bila mzigo, nyuma 30. Usiende nayo hivyo lami na mzigo, tairi itachemka ikupasukie. Rudi ujaribu njia ile ile, bampu zile zile, mwendo ule ule. Usiguse kitu kingine kwanza.

mtoto_wa_miwa
Naongezea kwa uchungu. Msimtume huyu kijana atoe majani ovyo. Mimi niko Chemelil, nilikuwa na Canter ya 4x4, hiyo hiyo hadithi, inanipiga. Fundi mmoja, simtaji, akaniambia tutoe majani matatu kila upande utalala kama mtoto. Na kweli wiki moja nililala. Wiki ya pili nikapakia miwa, nikashika breki nikiteremka, pua ikaingia chini, ekseli ikagonga chasisi, halafu nikaskia kama bunduki. Zile bolti za kushika springi alirudisha za zamani, zilikuwa ndefu kuliko fungu la majani lililobaki kwa hivyo hazikukaza vizuri, ekseli ikahama upande mmoja. Gari ikawa inatembea kama kaa. Nililala shambani na miwa ya watu, mbu wakanimaliza. Ukitoa jani nunua bolti mpya za kipimo chake, na ukaze tena baada ya kilomita mia kadhaa, si hiari hiyo.

fundi_kibuye
Pole sana kaka, na uko sawa kabisa. Hapo kwa Rongai mimi ningetoa jani moja tu, lile la kuongezewa, kila upande. Mengine yafunguliwe, yapigwe brashi ya waya mpaka chuma ing'ae, yapakwe grisi ya grafaiti, yarudishwe. Hapa Kibuye kuna vijana wanakata vipande vya mtungi wa plastiki nzito wanaweka pale mwisho ambapo jani linakanyaga jani. Haidumu sana kwa matope lakini msimu mmoja unaskia tofauti. Kama pesa iko, kuna springi za majani mawili matatu manene yanayokonda kuelekea mwisho, yanagusana katikati na mwisho tu, hayasuguani. Hizo ndio raha, lakini ziagize kulingana na uzito unaobeba kweli kweli. Si uzito wa kujisifu.

nesi_wa_elgon
Mulembe wote. Naona wanaume wameshika majani na bolti, wacha nami niseme ya abiria.

Nilizunguka miaka minne na Canter 4x4 ya kazi upande wa Kapsokwony kupanda mlimani, chanjo na kliniki. Mvua ikinyesha ile barabara ni sabuni. Dereva wetu alikuwa mzee mmoja mtulivu sana, na kitu ya kwanza alifanya alipopewa hiyo gari si springi, alijaza mitungi 20 ya maji, ya lita 20, akaifunga kwa kamba mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Hiyo ni kilo 400. Tulimcheka ati anabeba maji kupeleka mlimani mahali maji yanatoka. Lakini siku alikuwa likizo dereva mwingine akaimwaga apunguze mafuta, tukarudi jioni boksi za chanjo vifuniko vimefunguka na mimi nimeuma ulimi. Springi za lori zimepimwa na mzigo. Lori tupu ni kama mbuzi amefunguliwa asubuhi.

Ya pili, watoto. Mwana Rongai usikalishe watoto kwa ile benchi ya nyuma kabisa wakiangaliana. Hapo wako juu ya ekseli ya nyuma, wanarushwa kama wewe, na juu ya hayo hawaoni mbele, kabla Marigat wote wametapika. Wafungie viti vinavyoangalia mbele, karibu na katikati, na mikanda iliyoshikwa kwa chasisi, isishikwe kwa mbao. Kama fundi alivyosema, waweke pale pa viazi.

mwana_rongai
Madam shukran sana, hiyo ya mitungi sikuwa nimewaza. Na ya watoto nimeonyesha mama watoto, amesoma mara mbili kimya. Kusoma kimya ni maendeleo.

Ripoti: nimeshusha upepo 35 na 30. Njia ile ile. Sitadanganya, kichwa haijagonga. Bado inapiga, lakini yale mapigo madogo madogo ya mawe, yale ya kutikisa meno, yamepungua nusu. Mashimo makubwa bado ni makubwa.

Kitu kingine nimegundua, kilomita mbili za kwanza asubuhi gari inatetemeka kama iko na baridi halafu inatulia. Ni propela, ile shafti ya kupeleka nguvu kwa ekseli?

kapsabet_juu
Kama ni tairi za zamani za nailoni si propela. Zikisimama usiku kucha zinalala bapa mahali zimekanyaga, zikipata moto zinarudi mviringo. Ngalia ubavuni kama kuna R, ya radial, katikati ya namba.

mwana_rongai
Hakuna R. Imeandikwa 9.00-16.

kapsabet_juu
Ndio hizo. Na 9.00-16 utazunguka Nakuru yote uchoke. Wengi huweka 7.50R16, hiyo iko kila duka juu ndio ya Land Cruiser na lori ndogo. Ni laini zaidi na inashika lami. Lakini ni fupi, gari itashuka, spidomita itakudanganya ati unakimbia na injini itapiga kelele zaidi kwa mwendo ule ule. Kwa Rongai na Baringo ningeishi na hiyo.

cruiser_ama_nyumbani
Naona mmefika tairi, springi, shokabsoba, mitungi 20 ya maji na viti vya watoto. Land Cruiser inakuja na hivyo vyote ndani isipokuwa maji.

mtoto_wa_miwa
Cruiser huongei vibaya lakini pima kitu kimoja. 101 yote kutoka bampa hadi bampa ni mita nne na kidogo na inabeba tani. Pikapu yenye pua ya urefu huo sehemu kubwa inaliwa na bonet. Kwa zile njia za ndani huku kwetu, kugeuza kati ya miwa na mtaro, ufupi ni pesa. Na unaona tairi yako iko wapi, huna pua ya kukuzibia.

fundi_kibuye
Kuona ndio, ila kuna ujanja wake. Mafuriko yakija huku Kano, Ahero kuelekea Kadibo, nimeendesha lori ya jamaa isiyo na pua, na ukifika mtaro miguu yako imeshavuka hewani kabla tairi ifike. Mwili unakuambia umeanguka. Unafunga breki mapema kumbe bado. Inachukua wiki mbili tatu kuzoea kuhesabu kwamba tairi iko chini ya makalio. Na ile tope nyeusi usiingie na mwendo, ingia na gia ya chini na uvumilivu.

mwana_rongai
Naomba sasa ya kumiliki. Stakabadhi, spea, kiti. Mzee ako na logbuku lakini ni ya kitambo sana, namba ni ya herufi tatu bila herufi ya mwisho, na injini imeandikwa bado ile V8.

nesi_wa_elgon
Usilipe hata shilingi kabla injini ibadilishwe kwa rekodi za NTSA, wale wa usajili wa magari, na gari ije kwa jina lako kupitia eCitizen, tovuti ya serikali. Linganisha namba ya chasisi kwa macho yako, usisomewe. Kaka yangu alinunua lori "karatasi tutamalizia", muuzaji akafariki, watoto wa wake wawili wakaanza kugombana, lori ikaoza kwa boma la chifu.

kapsabet_juu
Na usijidanganye kwamba hii ikikushinda utaagiza ingine nzuri Uingereza. Hizi 101 zilitoka kiwandani miaka ya sabini, na gari iliyotumika haiingii Kenya ikiwa imezidi miaka 8, na lazima usukani uwe kulia. Zilizoko ndani ya nchi ndizo hizo.

fundi_kibuye
Spea: gia boksi ni familia moja na ya Range Rover za kwanza, kwa hivyo usiogope sana. Beringi na sili za ekseli, toa ya zamani uende nayo mkononi dukani, usitaje jina la gari, sema "nipe kama hii". Vile vitu vya bodi, kioo cha mbele, vishikio, hivyo ndio vya kuagiza ng'ambo na kungoja. Kioo ukivunja utajuta, weka wavu wa chuma.

Kuhusu huo mguu ulioiva, kifuniko cha injini kitandikwe kwa ndani ile blanketi ya karatasi ya fedha ya kuzuia moto, na uzibe kila tundu la waya na pedali. Hapo unapunguza joto, kelele na moshi kwa pigo moja. Kazi ya jioni moja na bia mbili.

Kiti: watu watakuambia chukua cha trela chenye upepo. Hicho kinataka kompresa, na kinapanda sana, wewe tayari kichwa iko kwa turubai. Tafuta cha trakta chenye springi na kile kirungu cha kuweka kilo za dereva. Pima kwanza kutoka kiti hadi chuma ya juu. Kama nafasi juu ya kichwa chako haifiki urefu wa mkono uliokunjwa, teremsha msingi wa kiti ndio ukifunge.

mwana_rongai
Wakubwa nimerudi, wiki tatu. Stakabadhi ziko kwa jina langu. Springi zilifunguliwa, lile jani la gesi limetolewa pande zote mbili, bolti ni mpya, nimekaza mara mbili. Shokabsoba mbili mpya mbele. Kiti cha trakta kilitoka kwa mashini iliyokufa Njoro, nimeweka kirungu kwa kilo 80 ingawa mama watoto anasema nijiheshimu niweke 95.

Jana nimepakia gunia za viazi kama kilo 600, mbele ya ekseli ya nyuma venye nesi alisema, tukatoka Rongai, Kampi ya Moto mpaka Marigat. Mama watoto alikalia kiti kipya kile cha katikati na watoto. Mimi huko mbele bado napigwa, si uongo, pale karibu na Marigat kuna mahali nilisema neno mbele ya watoto. Lakini nikiangalia kwa kioo nikaona mdogo amelala, na mama watoto anakunywa chai.

Kwa kikombe. Si kwa flaski.

nesi_wa_elgon
Sasa ulirudi na hizo gunia ama uliziuza Marigat ukarudi tupu?

mwana_rongai
Niliuza zote. Kurudi niliendesha nimesimama nusu.

nesi_wa_elgon
Mitungi kaka. Mitungi.